Upana wa Vidole Vinne

Bustani ya Michezo
4 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Mgongo tu ndio una kesi na mimi, na kila asubuhi tunaiahirisha. Nakuandikia kwa sababu simu ya huku iko mezani kwa Meneja, naye ana tabia ya kunyamaza sana mtu mwingine anapozungumza.

Uliniuliza kazi yangu ni kazi gani hasa, maana majirani wanakuuliza na wewe huna cha kuwajibu. Ni hii. Kuna treni ya kuchezea hapa, inapanda mlima wa vyuma polepole kama mtu anayekwenda kuomba radhi, kisha inashuka kama mtu aliyesamehewa. Tunaiita Joka. Mgeni akikaa, chuma kinashuka na kumlalia mapajani. Chuma hicho tunakiita kumbatio. Kikishuka kinalia: ta, ta, ta. Milio mitatu, mgeni anakwenda. Miwili, mgeni anashuka. Kazi yangu ni kupita kiti kwa kiti nikisikiliza, kisha natia sahihi kitabuni. Hakuna chuo kilichonifundisha. Marehemu baba alisema sitafika popote kwa kusikiliza yasiyonihusu, na tazama, nalala chini ya bati nililolinunua kwa hayo.

Jumamosi iliyopita alikuja bwana mmoja muuza magodoro, mtu wa mwili, pamoja na wanawe wawili. Alipanga foleni saa nzima juani. Akakaa. Ta, ta. Nikasukuma chuma. Kimya. Nikamwomba avute pumzi, akaivuta mpaka nikamwonea huruma. Kimya. Kufikia hapo foleni nzima ilikuwa imekuwa ya mafundi. Mmoja akashauri apelekwe kwa awamu mbili. Watu wakacheka, wanawe nao wakacheka, na ndipo nilipomwona bwana yule anatazama viatu vyake. Nikamtoa. Mtu anayewapa wengine pa kulala, sisi tulimnyima pa kukaa.

Nilikwenda kwa Meneja nikamwambia tuweke kiti kimoja cha Joka langoni, nyuma ya pazia, mtu ajijaribu mwenyewe bila mashahidi kabla hajaunguzwa na jua. Meneja aliipenda rai hiyo kiasi kwamba kufikia alasiri ilikuwa yake. Ameongeza viti viwili vipana, njia ya viti vya magurudumu, na Jumamosi ya tarehe 29 ameiita Siku ya Wageni Wote. Waandishi wa habari watakuja. Na atakayepanda wa kwanza ni mwanao. Aliandika mwenyewe kuomba, sikumsaidia hata nukta. Barua yake ilisomwa ofisini kwa sauti. Picha yake tayari iko ukutani langoni, kubwa kama shuka, ameshika magongo yake na kucheka, na chini imeandikwa WOTE TUNAPANDA.

Sasa ombi. Nishonee watu wawili wa turubai, tutawajaza mchanga. Mmoja mnene: kipimo unacho, jipime mwenyewe na usinikasirikie. Wa pili awe na umbo la mwanao, mguu wa kushoto mzima, wa kulia kigutu kama kilivyo. Ni wa kuwafundishia wafanyakazi namna ya kumpandisha mgeni kwa heshima, wasimbebe kama gunia. Ni hilo tu.

Mdogo wako,
Msikiliza Vyuma


Chumba cha cherehani
12 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Umesema nijipime nisikasirike. Nimejipima, nimekasirika, nimeshona. Futi ilinizunguka ikachoka njiani, nikaiunganisha na utepe. Huyo mtu wenu mnene ni mimi mtupu, ila amenizidi utulivu.

Wa pili naye yuko humo kwenye kifurushi. Vipimo vyake sikumsumbua mwenyewe, nimemshonea tangu nepi, navijua kwa kichwa. Nimemvika blauzi yake ya njano iliyoanza kumbana, kwa sababu nilishindwa kumpandisha mtoto kwenye basi akiwa uchi, hata kama ni wa turubai. Karani wa vifurushi aliniuliza ndani kuna nini. Nikamwambia watu wawili. Akaandika "nguo".

Nina swali moja, nalo usinijibu kwa utani, maana nakujua. Chuma kinamlalia mtu mapajani, umesema. Mwanangu ana paja moja na kipande. Kinamlalia wapi? Nimemuuliza yeye, ananijibu, "Mama, si Mjomba yupo?" Nikimuuliza breki, Mjomba yupo. Nikimuuliza ule mteremko, Mjomba yupo. Hata mvua ikinyesha, nadhani Mjomba yupo. Haya, sasa namuuliza Mjomba.

Yule daktari alipokuja na karatasi yake ya kukata mguu baada ya lile lori kumgonga, baba yake alikuwa safarini na wewe ulikuwa hujapata basi. Niliitia sahihi mimi. Nimeshatia sahihi mara moja juu ya mwili wa mtoto huyu. Hii nyingine ni yako. Itie ukiwa umeamka.

Dada yako


Kibanda cha matangazo, stendi
17 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Naandika kati ya basi la saa nne na la saa tano, ukiona mwandiko umeruka ujue lori la matangi limepita.

Najua Mama amekuandikia. Hali chakula vizuri. Anasema ni joto. Jana alinishonea gauni la kuvaa siku hiyo, akalifumua, akalishona tena, halafu akaniuliza kama huko mnavaa kofia za chuma. Nikamwambia si vitani.

Nataka ujue kwa nini niliomba, usije ukadhani natafuta picha. Mimi kazi yangu ni kuwaambia watu waondoke. Abiria wa kaskazini, abiria wa pwani, gari liko tayari. Wanaondoka, mimi nabaki na kipaza sauti. Na nikitoka kibandani, Mjomba, kila mtu ananihamisha. Wananishusha, wananipandisha, wananisogeza pembeni ya mlango, kwa upendo mtupu. Hakuna hata mmoja ninayeweza kumkasirikia. Nataka mara moja tu nihamishwe na kitu kisichonihurumia. Dakika moja na nusu, nimesoma. Basi.

Ila mimi si mjinga. Najua chuma hicho kilitengenezwa kwa watu wa mapaja mawili. Kwa hiyo niambie: mmejaribu? Ukiniambia hapana, nitakuelewa, na Meneja wako atafute msichana mwingine wa kubandika ukutani. Ukiniambia ndiyo, nitakaa pale nifumbe macho, na sitakuuliza tena.

Mpwa wako


Bustani ya Michezo
22 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Ndiyo. Tumejaribu.

Yule mtu wa turubai aliyeshonwa na mama yako, mwenye blauzi ya njano, tulimjaza mchanga mpaka akafikia uzito wako, tukamkalisha gari la mbele. Kumbatio lililia mara tatu. Lakini milio peke yake haitoshi kwako, nakwambia ukweli, kwa sababu chuma kinaweza kulia juu ya paja la kushoto huku la kulia likiwa na hewa. Kwa hiyo niliinama nikatazama kwa tochi. Kigutu kiko chini ya chuma. Chuma kinakishika mwishoni kabisa, kwa upana wa vidole vinne. Injinia amepiga hesabu zake kwenye karatasi ndefu, akaandika kwamba vidole vinne vinatosha, na chini ya hapo hakuna ruhusa.

Tulimtuma mara arobaini. Asubuhi, mchana, magari yakiwa matupu, magari yakiwa yamejaa. Mara arobaini akaenda, mara arobaini akarudi amekaa, blauzi imepanda mabegani tu. Wafanyakazi wameshamzoea, mmoja anamwamkia. Jana nilitia sahihi.

Jambo moja. Mama yako anadhani mwanasesere yule ni wa kufundishia adabu. Nilimwambia hivyo mimi. Ningemwambia ni wa kujaribu kama mwanawe ataruka nje au hataruka, asingeshona, na angekufungia ndani hadi Julai. Mwache aamini hivyo mpaka Jumapili, kisha nitapiga magoti mwenyewe.

Chumba chako kwenye nyumba ya wageni kiko tayari, mlango mpana. Njoo Alhamisi.

Mjomba wako


Nyumbani
Alhamisi, 27 Juni

Mdogo wangu,

Soma barua hii umesimama, usiitie mfukoni.

Asubuhi nilimsindikiza stendi. Nilimuuliza mara tatu kama tiketi anayo, naye akaiona hofu yangu. Ameshaketi, akanishika mkono dirishani, akaniambia, ili nitulie, nisiogope kwa sababu Mjomba amemtuma mwanasesere wangu mara arobaini akarudi amekaa. Nilimuuliza mwanasesere gani. Akasema yule wa njano, Mama, ndiye aliyejaribiwa badala yangu. Basi likaondoka. Nilibaki nimefungua mdomo, na kilichokuwa ndani yake ni hiki.

Nilipofika kwenye kigutu nilikata turubai sawasawa na ninavyokijua. Nikakiweka mezani chini ya taa ya cherehani. Nikakitazama. Halafu nikakisukuma kando, nikakata kingine, kirefu zaidi kwa upana wa kiganja changu. Vidole vinne. Hicho ndicho nilichoshona. Nilijiambia ni desturi ya fundi: ndefu hupunguzwa, fupi haina dawa. Uongo. Sikuweza kumkata mara ya pili. Nilidhani anakwenda kubebwa na kuwekwa chini, nani angeumia nikimwongezea kidogo? Ulisema ni wa adabu. Uliandika kwa mkono wako, "ni hilo tu."

Nimepiga simu ofisini kwenu mara mbili. Mara ya kwanza mwanamke mmoja akasema ujumbe utakufikia. Mara ya pili akashika simu mwanamume mwenye sauti laini kama mafuta, nadhani ndiye Meneja wako. Nikamweleza kila kitu. Akasema wamama wote huwa na wasiwasi na kwamba mambo yamethibitishwa kitaalamu. Nikamwambia utaalamu huo nimeushona mimi. Akakata.

Ningekuja mwenyewe. Nimekwenda kukata tiketi ya kesho, limebaki basi moja na lina nafasi moja, na mkata tiketi akanitazama kuanzia kushoto mpaka kulia akasema mimi nahitaji mbili. Nimembembeleza. Nimesema nitasimama. Nimesema nitakaa sakafuni. Akamwita aliyefuata. Kwa hiyo inakuja barua, yenyewe ni nyembamba. Karani wa vifurushi ameniapia itakuwa langoni kwenu Jumamosi saa moja asubuhi.

Mtoe mwanangu kwenye kiti hicho. Akikuchukia, atakuchukia akiwa hai.

Dada yako


Bustani ya Michezo
Jumapili, 30 Juni

Dada,

Yuko hai, ana vidole vyote na hasira zote. Nimeanza na hilo ili uweze kukaa.

Sasa nikueleze yalivyokuwa, usije ukayasikia kwenye magazeti, kwa kuwa wao walikuwa upande wa jua, hawakuona vizuri.

Barua yako ilifika langoni saa moja kama alivyoapa karani wako. Mlinzi alipoona mwandiko wa kike na neno "haraka" aliamua ni mambo ya mapenzi, akaihifadhi mfukoni ili aniletee kwa siri wakati wa chai. Chai yetu ni saa nne. Mwanao alipangiwa kupanda saa nne.

Alikuwa amevaa lile gauni ulilolishona mara mbili. Alikataa kubebwa. Alitoka kwenye kiti cha magurudumu akahamia kwenye gari la mbele kwa mikono yake mwenyewe, watu wakapiga makofi, naye akawaangalia kama anavyowaangalia abiria waliochelewa. Nikateremsha kumbatio. Ta, ta, ta. Nilikuwa na tochi mfukoni. Nakuandikia kosa langu la kwanza: sikuinama kutazama. Wapiga picha walikuwa wamejaa kwenye jukwaa, Meneja alikuwa amesimama mbele yangu, na mimi nilikuwa na mara arobaini kichwani. Nikanyoosha kidole gumba. Mwendeshaji akaweka mkono kwenye kitufe.

Hapo ndipo mlinzi alipopenya akanikonyeza na kunisukumia bahasha. Ningeiweka mfukoni, Dada. Niliifungua kwa sababu tu sentensi yako ya kwanza ilionekana kupitia karatasi.

Joka halisimami kwa kelele. Linasimama kwa ufunguo mwekundu ulioko ukutani. Niliuchomoa. Taa zikazimika, muziki ukakatika katikati ya neno, na watu mia tatu wakageuka kunitazama mimi, mtu ambaye kwa miaka sita hakuna aliyekuwa na haja ya kunitazama. Meneja alinijia akitabasamu, kwa ajili ya kamera, na kwa meno yaliyofungwa akaniambia, "Rudisha ufunguo mahali pake." Nikamwambia ufunguo uko mahali pake. Akasema injinia ameidhinisha. Nikamwambia injinia aliidhinisha turubai.

Kisha ikabidi nimtoe. Niliinua kumbatio mimi mwenyewe. Nilipiga magoti, nikatazama, na tochi sikuihitaji: kati ya chuma na mwisho wa kigutu chake palikuwa wazi. Chuma kilikuwa kimelalia kitambaa cha gauni. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, ile asiyoitumia kwenye kipaza sauti, "Mjomba, nimekosa nini?" Sikumjibu. Kulikuwa na maikrofoni karibu na sikio langu. Hilo ndilo kosa langu la tatu, na nitakutajia la pili sasa hivi.

Watu wakaanza kuzomea. Mmoja akasema wanamwonea msichana. Meneja akatangaza kwamba kuna hitilafu ndogo na mgeni wetu atapanda baada ya dakika tano. Nilipoyasikia hayo nilikwenda stoo nikamleta yule wa njano. Nikamfumua kigutu mbele ya watu wote, nikamwaga mchanga upana wa vidole vinne, nikafunga kwa kamba ya viatu vyangu. Nikamweka gari la mbele. Ta, ta, ta. Milio mitatu, Dada, kama wimbo. Nikarudisha ufunguo.

Alipanda mlima vizuri. Kwenye mteremko wa kwanza alinyanyuka kidogo, kama mtu anayemwona rafiki ng'ambo ya barabara. Kwenye kona ya pili hakuwa ndani. Aliangukia kwenye maua ya upande wa mgahawa, akapasuka, na Joka likarudi na kumbatio lake limefungwa barabara, limekumbatia hewa.

Hakuna aliyezomea tena. Mwanao alikuwa amesimama kwa magongo yake mstari wa mbele. Aliona yote. Aligeuka akaenda chumbani kwake, na njia ikampisha.

Sasa kosa la pili. Mwanasesere alipofika, mimi nilimpima. Kigutu kilikuwa sentimita ishirini na saba. Na mimi ndiye niliyembeba mwanao kutoka hospitali mpaka kwenye gari, mikono hii, nilijua alivyokuwa mwepesi upande ule. Niliona ni ndefu. Nikajiambia macho ya mjomba si futi, na fundi ni mama yake, akisema ni sawasawa nani abishe. Vidole vinne vilitosha, na mimi nilitaka vitoshe. Wewe uliongeza kwa uchungu. Mimi nilipokea kwa sababu ilinifaa. Usijibebeshe mzigo wote, sehemu yangu ni kubwa na nina mgongo mbovu.

Nimesimamishwa kazi wiki mbili, kwa kuchomoa ufunguo bila kibali. Kitabu kinasema kibali anatoa Meneja. Joka limefungwa mpaka wakaguzi wa nje waje. Picha ya langoni wameiteremsha jana, na ukutani pamebaki mraba msafi kuliko ukuta wote.

Nimegonga mlango wake mara tatu. Anasema hajambo. Tafadhali mwandikie wewe.

Mdogo wako


Nyumba ya wageni, Bustani ya Michezo
8 Julai

Mama, na Mjomba,

Nawaandikia barua moja, nakala mbili, ili msianze kusimuliana.

Shikamooni. Mama, nimepata barua zako zote tatu, na ile ya Mjomba uliyoitia ndani. Usiniombe tena msamaha kwa ajili ya turubai. Niliona blauzi yangu ikiruka juu ya mgahawa, na siku mbili nzima kila nikifumba macho nilikuwa mimi ndani yake. Siku ya tatu niligundua kwamba kilichokuwa kinaniuma si hicho.

Niliwaza hivi. Mama alijua urefu wa kigutu, akauficha asiumie. Mjomba alijua mwanasesere ni wa nini, akaficha ili Mama asiogope. Mjomba alihisi kigutu ni kirefu, akajificha mwenyewe. Injinia alipima turubai kwa karatasi ndefu. Meneja alipima ukuta wa kubandikia picha. Mmehangaika watu wanne, kifurushi kimesafiri, simu zimepigwa, Joka limekwenda mara arobaini, yote kwa sababu ya kipande cha paja, na mwenye paja alikuwa stendi anatangaza mabasi. Barua ya senti chache ingetosha. Nami niliuliza, Mjomba. Nilikuuliza kama mmejaribu. Wewe ndiye hukuniuliza kitu.

Na ulipokuwa umepiga magoti pale, na mimi nikakuuliza nimekosa nini, ulinyamaza. Najua maikrofoni ilikuwepo. Lakini mimi naishi na maikrofoni, ningekufundisha kuifunika kwa kiganja. Ulinitoa kama mzigo ulioandikwa anwani mbaya. Nitakusamehe. Bado, lakini nitakusamehe, na wewe utajua siku hiyo kwa kuwa nitakutania.

Sijarudi nyumbani kwa sababu hii. Jumatano nilikwenda kwa injinia. Alijaribu kunipa pole, nikamwambia pole ninazo za kutosha, nataka kukaa kwenye kile kiti. Akasema Joka limefungwa. Nikasema ndiyo maana. Nilikaa kwenye gari la mbele lililosimama tangu saa tatu mpaka saa saba, kumbatio chini, yeye akisukuma kiti mbele, nyuma, na pembeni kwa nyenzo, na mimi nikimwambia hapa linabana, hapa linadanganya, hapa hakuna kitu. Aliandika kurasa sita. Kesho yake alikuja na mkanda unaopita mabegani na kushuka katikati ya miguu, kama wa rubani. Ni mbaya sana kwa sura na unakwaruza shingo. Nimemwambia. Leo kaja na mwingine. Amemwita bibi mmoja mnene wa jikoni naye akae, na bibi amemtukana kwa adabu kwa dakika kumi kuhusu upana wa mlango wa gari, na hayo pia ameyaandika.

Inaweza kuchukua mwaka, anasema. Inaweza ikashindikana kabisa, na nikabaki chini. Akiniambia imeshindikana baada ya kunikalisha, nitashuka mwenyewe. Meneja alipita akauliza kama wapiga picha wanaweza kuja kuona maendeleo. Injinia alinitazama mimi, hakumtazama yeye. Nikasema hapana.

Mtu wa pili wa turubai, wa kwako, Mama, bado yuko stoo. Mwacheni. Wa kwangu asishonwe tena, na mtu yeyote. Wakimhitaji mtu wa umbo langu, nipo.

Leo asubuhi nilifunga mlango, nikachukua futi, nikaketi kitandani. Nilijipima mara mbili. Kutoka nyonga hadi mwisho wake ni sentimita kumi na tisa. Mjomba, andika kitabuni. Mama, usiongeze.

Mwenye paja